Kubadili Ekzosi ya Gari na Kupita Ukaguzi
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, waalimu na wanafunzi, asubuhi ya siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliponiandikia aliniachia uhuru wa kuchagua mada, ila chini ya barua akaongeza kwa kalamu kwamba wasemaji wawili waliotangulia walizungumza juu ya maadili na uzalendo, na kwamba vijana wengi walisinzia. Dokezo lake nimelielewa. Kwa hiyo leo nitazungumza juu ya ekzosi ya gari. (Kicheko.)

Ninazo sababu mbili za kuchagua jambo hili. Ya kwanza ni swali nililoletewa na mwalimu wa fizikia kutoka kwa kijana mmoja wa kidato cha tano. Kaka yake ana gari aina ya Altezza, na kijana anauliza: je, yawezekana kubadili ekzosi ili gari lipate mlio mzito na nguvu zaidi, na bado likapita ukaguzi? Ni swali zuri, na jibu lake si "ndiyo" wala "hapana" peke yake. Sababu ya pili iko katika ajenda ya mchana, kipengele cha matengenezo ya gari la shule. Kama mjuavyo, gari lile tulilochangia linawasha taa ya onyo, na limeletwa pendekezo kwamba chujio la masizi lililo katika ekzosi likatwe na kutupwa, mambo yaishe. Tutapiga kura baada ya chakula. Yafaa tukapige kura tukijua tunachokikata.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mtumishi wa Serikali. Nilisoma hapa, nikaenda Mlimani kusomea uhandisi, na tangu hapo kazi yangu imekuwa magari ya umma: kuyakagua, kuyapeleka gereji, na kutia saini fomu nyingi kuliko nilivyotarajia nilipokuwa na umri wenu. Niliwahi pia kupelekwa Japani kwa mafunzo ya wiki kadhaa, na huko nikapata nafasi ya kusimama kwenye mstari wa ukaguzi wa magari kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nitakayoyasema juu ya Japani, mengi niliyaona kwa macho.

Vijana, tuanze na kemia, kwa kuwa ndiyo mtakayoulizwa katika mtihani. Petroli imefanyika kwa kaboni na haidrojeni. Kama ingeungua kikamilifu, bomba la nyuma lingetoa mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi tu, pamoja na naitrojeni iliyoingia na hewa. Lakini ndani ya silinda mambo hayaendi kikamilifu. Sehemu ya kaboni hukosa oksijeni ya kutosha ikawa kaboni monoksaidi. Sehemu ya petroli hutoka mbichi. Na kwa sababu ya joto kali, naitrojeni ambayo kwa kawaida ni pole huungana na oksijeni ikawa hewa chafu ya kuwasha mapafu. Kaboni monoksaidi ndiyo ya kuogopwa zaidi. Haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu aliyelala ndani ya gari linalounguruma, lenye ekzosi iliyotoboka chini ya sakafu, hahisi kitu.

Sasa njooni kwenye masega. Mafundi wetu wamekipa kifaa hiki jina zuri kuliko lile la kitabuni, kwani ukikikata utaona kweli ni kama sega la nyuki: tofali la udongo maalumu lenye vijitundu vyembamba mamia kwa mamia, moshi ukipita ndani yake. Kuta za vijitundu hivyo zimepakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo hayaliwi na kazi. Hukutanisha tu zile hewa tatu mbaya zikabadilishana oksijeni, na kinachotoka upande wa pili huwa karibu chote maji, naitrojeni na kaboni dayoksaidi. Masega mazima yaliyokwisha kupata moto huondoa zaidi ya asilimia 90 ya uchafu huo. Ila yanataka mambo mawili. Kwanza yapate joto, kiasi cha nyuzi 300 za Sentigredi hivi. Pili, injini ipewe mchanganyiko sahihi, gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Kulinda uwiano huo ndiyo kazi ya sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega. Hutuma habari kwa kompyuta ya gari mara kadhaa kila sekunde. Sensa ya pili hukaa nyuma ya masega na kazi yake ni kuchungulia kama masega yanafanya kazi. Yakishindwa, taa ya injini huwaka, na fundi mwenye mashine ya kusomea huona namba P0420. Wengi wenu wenye magari mmekwisha kuiona namba hiyo, na wengi mmeambiwa dawa yake ni kutoa masega.

Hapo nataka nisimame kidogo, maana historia ya tabia hii inapendeza, na sidhani kama inajulikana vya kutosha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mji wa Los Angeles ulikuwa ukifunikwa na ukungu wa kuwasha macho. Mwanakemia mmoja mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, alionyesha kwamba ukungu ule ulitokana na moshi wa magari na viwanda vya mafuta ukipigwa na jua. Karibu na wakati huo huo Mfaransa aliyehamia Marekani, Eugene Houdry, alitengeneza kifaa cha kusafisha moshi, babu wa masega ya leo. Kifaa kilifanya kazi, lakini hakikudumu, kwa sababu petroli ya siku zile ilitiwa risasi, na risasi huyapaka madini yale ikayaua. Ikabaki hivyo mpaka Marekani ilipotunga sheria kali ya hewa mwaka 1970. Ili magari ya mwaka 1975 yaweze kufungwa masega, ilibidi petroli isiyo na risasi ianze kuuzwa. Mtaona basi kwamba sehemu kubwa ya haraka ile ya kuondoa risasi ilikuwa ni kulinda kifaa, ingawa watoto walikuwa wakiivuta risasi hiyo tangu miaka ya 1920. Wajapani nao hawakuwa nyuma. Honda walipata njia ya kutimiza masharti ya 1975 ya Marekani kwa injini yao ya CVCC bila masega kabisa, na Japani yenyewe ikaweka kiwango cha mwaka 1978 kilichokuwa miongoni mwa vikali kuliko vyote duniani wakati huo.

Sisi je? Magari yaliyotumika yalianza kutufikia kutoka Japani yakiwa na masega yake, nasi tukayatia petroli yenye risasi. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana huko Dakar kuiondoa risasi, na mwisho wa mwaka 2005 ikawa imeondoka katika eneo hili. (Nchi ya mwisho duniani, Aljeria, iliacha Julai 2021.) Kwa hiyo ilikuwapo miaka mingi ambayo masega kweli yalikufa mapema, yakaziba, na gari likakosa pumzi. Fundi aliyeyatoa wakati ule alikuwa na hoja. Ninavyoamini mimi, tabia yetu ya kutoa masega ni urithi wa siku zile: sababu imekufa, desturi imebaki. Kuna na jingine lisilosemwa waziwazi. Ndani ya sega moja mna gramu chache tu za madini, lakini bei ya rodiamu ilipanda mwaka 2021 ikapita dola 20,000 kwa aunsi moja. Fundi akikuambia masega yako "yamekufa" na kwamba atakusaidia kuyatupa, muulize atayatupa wapi. (Kicheko.)

Basi turudi kwa kijana wa kidato cha tano. Ekzosi ya gari la petroli igawe katika sehemu tatu. Ya kwanza ni ile inayoshika injini, yenye mikono minne ya kukusanya moshi. Ya pili ni masega na sensa zake. Ya tatu ni yote yanayofuata nyuma ya masega: bomba refu, sailensa ya kati, sailensa ya mwisho na mdomo wa nje. Karibu kila nchi yenye ukaguzi wa kweli hukuruhusu kucheza na sehemu ya tatu, ilimradi usipandishe kelele kupita kiwango. Sehemu ya pili huruhusiwi kuigusa ila kwa kubadilisha kibovu kwa kizima kilichokubaliwa. Sehemu ya kwanza ni ya katikati. Huruhusiwa kwa vipande vilivyopimwa na kuthibitishwa tu, kwa sababu ukiongeza umbali kutoka injini mpaka kwenye masega, yanachelewa kupata joto.

Kwa hiyo jibu lako, kijana, ni hili: mwambie kaka yako abadili kuanzia nyuma ya masega. Mlio ataupata. Nguvu atapata kidogo mno, pengine asiihisi, kwa maana injini ya kawaida haikosi pumzi kwa sababu ya sailensa ikiwa sailensa ni nzima. Na asidanganywe kwamba bomba pana zaidi ni bora zaidi siku zote. Moshi hutoka kwa mapigo, na kila pigo likienda kwa kasi nzuri huvuta lile la nyuma yake. Bomba likiwa pana kupita kiasi moshi hupoa na kuzubaa, na gari huwa zito katika mwendo mdogo, ule ule tunaotumia kwenye foleni za Dar es Salaam.

Huko Japani ukaguzi huo huitwa shaken. Gari dogo jipya la mtu binafsi hupata cheti cha miaka mitatu, kisha kila miaka miwili lazima lirudi. Nilimwona mkaguzi akiingiza kijiti ndani ya mdomo wa ekzosi, injini ikizunguka polepole. Kwa magari ya abiria ya tangu mwisho wa miaka ya 1990 kaboni monoksaidi isizidi asilimia 1, na petroli mbichi isizidi sehemu 300 katika milioni. Gari lisilo na masega ni shida kupita hapo, hata likitunzwa namna gani. Kisha kipimo cha sauti: kipaza sauti kinawekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, na injini inapandishwa hadi robo tatu ya mzunguko wa nguvu yake kuu. Kwa gari la abiria lenye injini mbele, la miaka hiyo ya mwisho wa 1990 na kuendelea, kikomo kilikuwa desibeli 96. Kabla yake kilikuwa 103. Vijana wa hesabu, tofauti ya 7 mnaiona ndogo, lakini desibeli ni logi: kila 10 ni mara kumi ya nishati, hivyo 7 ni kama mara tano. Magari mapya zaidi hulinganishwa na sauti yake yenyewe lilipotoka kiwandani. Na magari yaliyotengenezwa tangu Aprili 2010 yakifungwa sailensa ya kununua, lazima iwe na alama ya kuthibitishwa. Mkaguzi huinama na tochi kuitafuta alama hiyo. Halafu hupima chini ya gari. Kisiwepo kitu kilicho chini ya sentimita 9 kutoka ardhini, na ekzosi za kubandika ndizo zinazoshuka mara nyingi.

California wana njia yao. Kule magari mengi hukaguliwa moshi kila baada ya miaka miwili, na kila kipande kisicho cha kiwandani kinachogusa mfumo wa moshi lazima kiwe na namba ya kibali iliyotolewa na bodi yao ya hewa. Hakina namba, gari limeanguka, hata kama moshi wake ni safi kama wa mshumaa. Magari ya mwaka 2000 na kuendelea kwa kawaida hayaingizwi tena kijiti. Wanachomeka waya na kuiuliza kompyuta ya gari ina habari gani. Ukifuta kumbukumbu zake asubuhi ili taa isiwake, kompyuta itasema bado haijamaliza kujipima, nawe utarudishwa nyumbani ukaendeshe kwanza. Japani nao walianza kuisoma kompyuta katika ukaguzi mwezi Oktoba 2024, kwa magari mapya mapya.

Bila shaka watu hudanganya. Japani wako wanaohifadhi ekzosi ya kiwandani nyuma ya nyumba, wakaifunga siku ya ukaguzi na kuifungua jioni yake. Wako wanaoweka kipande cha chuma kuisogeza sensa ya nyuma mbali na moshi, ili isione kwamba masega hayapo. Taa inazima, lakini kijiti cha mkaguzi hakidanganyiki kwa kipande cha chuma. Na si vijana wa mitaani tu. Mwezi Septemba 2015 ilifichuliwa kwamba Volkswagen, kampuni kubwa na ya kuheshimika, iliweka katika magari ya dizeli programu iliyotambua kwamba gari liko kwenye mashine ya kupimwa. Likipimwa lilijisafisha, likitoka barabarani lilijiachia. Magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Waliogundua walikuwa watafiti wachache wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliofunga vipimo nyuma ya gari na kuliendesha barabarani, kama linavyotumiwa na mwenyewe. Mimi kazi ile naihusudu mpaka leo. Ni fizikia ya kidato cha nne ikichanganywa na ukaidi.

Ndugu Mwenyekiti, nasikia wenzangu wanaguna: hayo ni ya Japani na Marekani, hapa nani atanipima? Ni haki kuuliza. Trafiki wakati wa stika ya Nenda kwa Usalama anatazama breki, taa, tairi, na moshi mweusi ukiwa umezidi anauona kwa macho. Kijiti cha kupimia kaboni monoksaidi si kitu cha kukutana nacho kila kituo. Lakini sheria hatukukosa. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zipo kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007, na zipo kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Mtu wa ofisini kama mimi hujifunza kwamba kanuni iliyolala haikufa. Na atakayenunua gari leo atalimiliki miaka kumi, kumi na mitano. Asihesabu kwamba ukaguzi wa mwisho wa gari hilo utafanana na wa kwanza. Hata hivyo sitaki tulisimamishe jambo hili juu ya hofu ya trafiki. Wapo wanaovuta moshi ule.

Hapo ndipo linapoingia gari letu la shule.

Gari lile ni la dizeli, limetumika Japani, na lina chujio la masizi. Chujio hili si masega ya petroli, ingawa kwa nje yanafanana. Moshi wa dizeli una chembe nyeusi nyembamba sana. Tundu moja la chujio limezibwa mbele na la jirani limezibwa nyuma, hivyo moshi unalazimika kupenya ukutani na kuacha masizi yake. Masizi yakijaa, kompyuta huongeza joto la moshi mpaka kufikia kama nyuzi 600, yakaungua yakawa hewa. Kazi hiyo inataka gari liende mwendo mzuri barabarani kwa dakika kadhaa bila kusimama. Sasa gari letu linafanya safari gani? Linakwenda sokoni, linarudi. Linampeleka mgonjwa zahanati, kilomita nne, linarudi. Linasubiri waalimu likiwa linaunguruma chini ya mwembe. Katika kitabu cha safari, ambacho Mkuu wa Shule aliniruhusu kukipitia, tangu Januari nimehesabu safari tano tu zilizozidi kilomita 30. Chujio halipati nafasi ya kujichoma. Taa ile inatuomba safari ndefu, basi.

Liko na suala la mafuta. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza Januari 2015 kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Dizeli ya namna hiyo chujio laweza kuishi nayo. Dizeli ya kwenye madumu kando ya barabara, iliyochanganywa na mafuta ya taa, sijui mtu anayeweza kuitolea dhamana. Pia oili: iko oili maalumu yenye majivu machache kwa injini zenye chujio, kwa sababu majivu ya oili hayaungui kama masizi, yanabaki ndani mpaka chujio litolewe na kuoshwa. Risiti tulizonazo zinaonyesha oili ya kawaida kila mara.

Aliyeleta pendekezo la kukata ni mwenzetu, tumesoma pamoja, na hoja yake si ya kipuuzi. Anasema chujio jipya ni ghali, fundi wa kukata yupo karibu, na malori mangapi yanapita hapo nje bila chujio lolote. Kweli yote matatu. Ila kaka yangu, tazama wanaopanda gari lile na mahali linapoegeshwa. Linaegeshwa chini ya madirisha ya bweni la kidato cha kwanza. Mwezi Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, pamoja na vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, baada ya kuuhesabu kwa miaka mingi kama jambo la kushukiwa tu. Lori lipitalo nje hatukulichangia sisi. Hili tumelinunua, tukaliandika jina la shule ubavuni.

Halafu liko la kiufundi. Ukikata chujio, kompyuta itaendelea kulitafuta. Itajaribu kulichoma, itamwaga mafuta ya ziada, gari litakunywa dizeli kuliko sasa, na mwisho litajizuia lisiende kasi. Kuzuia hayo ni lazima mtu aingilie programu ya kompyuta. Mafundi wa hayo wapo. Wazuri ni wachache, na wasio wazuri nimeletewa magari yao ofisini yakiwa yamevutwa kwa kamba. Na kila unapokata na kuchomelea bomba chini ya sakafu ya gari la abiria, unaweka mahali pa moshi kuvuja. Viti vya nyuma vya gari lile wanakaa watoto kumi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi.

Pendekezo langu kwa mchana ni la unyonge kidogo. Kwanza gari lipelekwe kwenye gereji yenye mashine ya kusomea, iseme chujio lina masizi kiasi gani na majivu kiasi gani, maana ni vitu viwili tofauti. Likiwa ni masizi, lichomwe kwa mashine hapo gereji. Likiwa ni majivu, litolewe likaoshwe. Kuosha si sawa na kununua jipya. Baada ya hapo dereva apewe ruhusa, kwa maandishi ili asiulizwe na mhasibu, ya kulipeleka gari barabara kuu mara moja kila wiki mbili, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Mafuta yake yatakuwa kidogo kuliko tunavyochoma sasa kwa kusubiri waalimu chini ya mwembe. (Kicheko upande wa waalimu.) Naomba radhi, waalimu wangu. Na oili ibadilishwe iwe ile inayotakiwa. Ikiwa baada ya vipimo chujio limevunjika kabisa, basi tuje tuzungumze juu ya kuchanga kununua jingine, nami nitaweka jina langu wa kwanza kwenye orodha.

Kwa kijana wa Altezza nina neno moja zaidi. Taa ikiwaka na ikasoma P0420, mwambie kaka yako asianzie kwenye masega. Aangalie plagi na koili. Silinda moja isiyochoma vizuri hupeleka petroli mbichi kwenye masega, ikaungua mle ndani mpaka tofali likayeyuka. Aangalie kama injini inakula oili. Aangalie kama bomba limetoboka mbele ya sensa, kwa sababu hewa ya nje ikiingia sensa hudhani injini ina njaa ya petroli. Masega aghalabu ni marehemu aliyeuawa na mwingine; ukibadili maiti bila kumkamata muuaji, mapya nayo yatakufa. Akishamaliza hayo, akitaka mlio wake mzito, afunge sailensa yake nyuma, yenye alama, isiyoburura ardhini. Asipite nayo hapa shuleni saa za maandalio ya usiku.

Makadirio ya bei kutoka gereji mbili nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina. Kadhalika nimekuja na sega moja bovu nililolikata katikati kwa msumeno, na kipande cha chujio la dizeli. Viko juu ya meza katika maabara ya kemia, na mwalimu amekubali kuwaonyesha kabla ya kengele ya chakula. Msilipulize sega lile, vumbi lake si zuri. Chujio mnaweza kulishika, ila mtanawa mikono.